Picha ya mtoto wa sokwe katika simu zetu



Juma hili tunazungumza juu ya picha. Katika makutano yetu moja, mwenzetu alipitisha simu yake mkono kwa mkono. Ilikuwamo picha ya mtoto wa sokwe, amefungwa kamba kiunoni, ameketi juu ya gunia la makala. Tulicheka. Tulisema, «Tazama vidole vyake, kama vya mtoto mchanga!» Watatu kati yetu tuliomba tutumiwe nasi ile picha. Ndipo mama mmoja mzee wa Walikale, ambaye baba yake alikuwa mwindaji, akauliza: «Na mama yake wamemfanya nini?»

Alitueleza kwamba mtoto wa sokwe hapatikani kwa kuokotwa tu. Mama yake humbeba tumboni na mgongoni, wala hamwachii mtu. Anayemtaka mtoto humuua mama kwanza, na mara nyingi wengine wa jamaa wanaokuja kumtetea. Kwa gorila ni vivyo hivyo.

Sisi tuliozaa tunaweza kufanya hesabu hiyo vizuri. Gorila hubeba mimba karibu miezi minane na nusu, hunyonyesha miaka mitatu hata minne, na kwa kawaida hazai tena mpaka miaka kama minne ipite. Ukimuua mama mmoja, pengo lake halizibwi upesi. Gorila wa Walikale, anayeitwa gorila wa Grauer, haishi porini katika nchi nyingine yoyote ila Congo yetu, huku mashariki. Miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka wa 2016 watafiti walisema wamebaki karibu 3,800; mwaka wa 2021, baada ya kutembea mapori mengi zaidi, wakasema 6,800. Hata hesabu hii ya pili ni ndogo.

Wamama wa Masisi watasema, «Hayo ni ya Walikale, huku kwetu ni ng'ombe na viazi.» Ni kweli, milima mingi ya Masisi imekwisha kuwa malisho na mashamba. Mtoto wa Masisi anamjua ng'ombe na jibini, lakini gorila atamwona kwa picha tu. Kwa hiyo picha atakayoionyeshwa ina uzito: ni hiyo itakayomfundisha kama mnyama huyu ni wa porini au ni kitu cha kununuliwa.

Picha inaweza kufanya kazi kubwa. Mnamo Julai 2007 gorila kadhaa wa Virunga waliuawa kwa risasi, na kati yao dume mkubwa aitwaye Senkwekwe. Mpiga picha Brent Stirton alikuwapo wanaume walipomteremsha mlimani, amefungwa juu ya miti, amelala chali, watu wengi wakimbeba kama tunavyobeba marehemu wetu. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Rutshuru walianza kuuliza nani ameua, na biashara ya makala ndani ya mbuga ikaanza kutajwa wazi.

Mwaka huohuo walinzi walimkuta mtoto wa miezi miwili, Ndakasi, amening'inia kwenye maiti ya mama yake. Usiku wa kwanza mlinzi André Bauma alimlaza kifuani pake apate joto, jinsi tunavyofundishwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Alilelewa Rumangabo. Mwaka wa 2019 mlinzi mwingine alijipiga picha, na nyuma yake Ndakasi na mwenzake Ndeze wamesimama wima kama watu, na dunia ikacheka kwa furaha. Tarehe 26 Septemba 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwa Bauma.

Hapa ndipo tunapotaka tuangalie vizuri. Picha ile ya 2019 ilikuwa ya yatima aliyelelewa na watu. Lakini anayeiona bila habari yake anafikiri gorila ni mnyama wa kukaa naye nyumbani. Hata wataalamu wa wanyama wanaonya juu ya picha za mtu aliyemshika sokwe au gorila, kwa kuwa zinaongeza hamu ya kumnunua. Kwa maoni yetu, picha nzuri zaidi ni zile zinazopigwa na kamera zinazofungwa kwenye mti na kuachwa peke yake, kama zile za pori la Nkuba huko Walikale. Mnyama anapita, kamera inampiga, hakuna aliyemshika. Zinaonyesha mama anatembea na mtoto mgongoni, basi.

Hatutajifanya kwamba chungu hakijui njaa. Mwenye kukimbia vita na watoto watano, akiuziwa nyama ya pori kwa bei nafuu kuliko ya mbuzi, hatuendi kumhukumu. Na wanaume walio migodini wanakula kinachopatikana. Lakini kusambaza picha ya mtoto wa sokwe anayeuzwa hakumshibishi mtu yeyote.

Basi tumekubaliana hivi. Picha ya namna ile ikiingia katika simu yako, usiitume mbele. Ukimkuta mtoto mwenyewe anauzwa, usimnunue hata kwa huruma, maana fedha yako inamrudisha mwindaji porini; mjulishe mkubwa wa kijiji au walinzi wa ICCN, ikiwa njia ni salama kwako. Vituo vya kuwapokea viko: Lwiro kwa sokwe, na Kasugho, huko Lubero, kwa gorila.

Mwenzetu aliyetuonyesha ile picha ameifuta. Makutano yajayo, siku ya likelemba, tutaleta picha nne za karatasi za gorila wa Walikale porini. Njoni na watoto, na yule mama mzee ameahidi kuwaeleza kila picha.