Ubainishaji rasmi: kutoka mchoro hadi fomula

Ubainishaji ni nomino inayotokana na kitenzi bainisha, yaani kueleza jambo hadi litofautike waziwazi na jingine. Katika uhandisi wa programu, ubainishaji rasmi ni maelezo ya mfumo yaliyoandikwa kwa lugha ya kihisabati, kama vile Z au B. Baadhi ya watafsiri hutumia vipimo, lakini neno hilo humpeleka msomaji kwenye urefu na uzito.

Wasanifu wengi huanza na michoro ya UML, lugha iliyoidhinishwa na shirika la OMG mwaka 1997. Visanduku huwakilisha aina za vitu na mistari huonyesha uhusiano wake. Mchoro husomeka upesi, ila huacha mengi bila kusemwa.

Mfano ni maktaba yenye visanduku viwili, Msomaji na Kitabu, vilivyounganishwa kwa mstari “huazima”. Mstari mtupu una utata kama wa sentensi hii: Kila msomaji huazima kitabu kimoja. Je, ni kitabu kilekile kwa wote, au kila mmoja na chake? Ni kimoja kamili, au kisichozidi kimoja? Nambari kwenye ncha za mstari hupunguza utata huo. Alama 0..1 upande wa Msomaji humaanisha kuwa kitabu hakiwi mikononi mwa wasomaji wawili kwa wakati mmoja, 0..3 upande wa Kitabu humaanisha kuwa msomaji hazidishi vitatu. Masharti hayo huandikika moja kwa moja katika Z.

Hata hivyo, kanuni kwamba aliyechelewesha kitabu asiazime kingine haina mstari wala nambari ya kuibeba. Huongezwa kwa maandishi, kwa mfano kwa lugha ya OCL. Vivyo hivyo, almasi tupu ya UML, inayoashiria “sehemu ya”, haina maana kamili iliyowekwa. Inafanana na kihusishi -a: kitabu cha Juma chaweza kuwa alichonunua, alichoazima au alichoandika.

Fomula haikubali utata huo. Mfasiri hulazimika kuchagua. Akichagua kimyakimya, ametunga kanuni ambayo mwenye maktaba hakuitoa, na programu itaitii. Kwa hiyo palipo na pengo, sharti aulizwe mwenye mfumo kwanza, kisha jibu lake ndilo liandikwe.