Kapona uvimbe kichwani, msimwite mbumbumbu!

Jamani, hii inawahusu nyie wa mjini wenye wadogo zenu kule Karatu na Ngorongoro. Wengi wanadhani mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo akishapona, basi, shughuli imekwisha. Thubutu!

Safari yenyewe si mchezo. Mtoto wa Endulen au Mang'ola anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, anatembea akiyumba. Huyu anasema malaria, yule anasema karogwa. Ikigundulika ni uvimbe na mionzi ikahitajika, wapo wanaoishia Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 700 toka Karatu, na kukaa huko wiki kadhaa.

Mionzi inaua seli za uvimbe, lakini inagusa pia nyuzi zinazopitisha taarifa ndani ya ubongo. Kwa mtoto nyuzi hizo bado zinajengwa, hivyo aliye mdogo zaidi ndiye huumia zaidi. Ndiyo maana kwa walio chini ya miaka 3 madaktari hujitahidi kutangulia na dawa. Hata kwa uvimbe uitwao medulloblastoma, wasio na hatari kubwa walipunguziwa mionzi ya kichwa chote na uti wa mgongo toka Gray 36 hadi 23.4, wakiongezewa dawa.

Ubaya wake, tatizo halijitokezi fasta. Mtoto anarudi shule, nywele zimeota, kombolela anacheza. Mwaka mmoja au miwili baadaye anaanza kuachwa. Aliyoyajua hajayasahau, ila mapya yanaingia taratibu. Kwenye imla wenzie wako sentensi ya tatu, yeye ya kwanza. Hapo ndipo bakora na majina mabaya huanza.

Sasa wazazi wakimbie mionzi? Hapana! Uvimbe ukiachwa unaua. Dawa ni kumsaidia aliyepona: akae dawati la mbele, apewe kazi moja moja, maelekezo yaandikwe ubaoni, apimwe macho na masikio. Kubwa kuliko yote, apewe muda. Mbona Baraza la Mitihani huwaongezea muda wasioona? Mzazi, peleka karatasi ya daktari kwa mwalimu mkuu mapema, usingoje mtihani.

Watalii wanalipa madola kibao kumsubiri faru atokeze kule Kreta. Sisi tunashindwaje kumsubiri mtoto amalize imla?