Trekta Ndogo kwa Shamba Lenye Miti
Mkulima, ikiwa shamba lako lina miti na visiki vya mikaratusi, usiulize kwanza trekta ina nguvu za farasi wangapi. Uliza uzito na upana wake. Iliyo nyepesi huzungusha magurudumu bure ikivuta gogo, na iliyo pana haipiti kati ya miti. Kwenye mtelemko, magurudumu yote manne yavute.

Lakini tazama zaidi upinde wa chuma nyuma ya kiti, na mkanda wa dereva. Ukifunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma na kisiki kikikataa, trekta huinua kichwa na kumpindukia dereva kabla hajakanyaga klachi. Funga chini, kwenye chuma cha kuvutia. (Kisiki kikubwa ni kazi ya jembe na shoka.) Trekta isiyo na upinde huo, hata ikiuzwa rahisi, usiinunue.