Mulozi, mufumu, muganga: nguvu inatoka wapi?

Ukisema «muganga» Maniema, mutu mumoja anawaza yule wa hospitali mwenye kuchoma sindano, mwingine anawaza muzee wa mizizi na majani. Mufumu ni wa kupiga ramli. Mulozi, kila mutu anamuogopa. Lakini kifo cha ghafula kikiingia mu nyumba, majina yote matatu yanatupwa mu kitunga kimoja, na hapo ndipo damu inaweza kumwangika.

Kutenganisha watu hawa, hata wachezaji wa Marekani wanajua. Dungeons & Dragons, muchezo wa kuketi mezani na kujifanya mutu mwingine, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa miaka uliongezewa wachawi wa namna nyingi. Mumoja nguvu iko mu damu yake tangu kuzaliwa. Mwingine alisoma, na kitabu chake kikipotea anapata shida kubwa. Wa tatu alifanya mapatano na kiumbe chenye kumupita. Wote wanaweza kumutisha adui, lakini njia ya kupata nguvu haifanane. Na mezani hakuna ugomvi: kila mutu ana karatasi yenye kuandikwa yeye ni nani.

Mu kijiji, hiyo karatasi haiko.

Waazande wa Uele, kaskazini mwa Kongo, walikuwa na mugawanyo wao mbele ya muchezo huo. Evans-Pritchard, mwalimu Muingereza aliyeishi kati ya Waazande wa upande wa Sudan, aliuandika mu kitabu cha mwaka 1937. Kwao, mangu ni kitu cha ndani ya tumbo: mutoto mwanaume anakirizi kwa baba, binti kwa mama, na mwenye nacho anaweza kukosa kujua kama anacho. Ngua ni dawa: inatafutwa, inalipiwa, inafundishwa, ina masharti.

Mufano wake unaojulikana zaidi ni wa gala. Mchwa wanakula miti ya gala, linaangukia watu waliokaa chini kukimbia jua. Waazande hawakukataa mchwa. Waliuliza: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Jibu lilikuwa mangu. Mutu wa Punia anaelewa upesi. Shimo la kasiterite likibomoka kisha mvua, wachimbaji wanajua udongo ulilowa, lakini swali la «kwa nini ndugu yangu?» linabakia, na linatafuta mutu wa kubeba.

Dawa ya Simba wa 1964, walioingia Kindu mwezi wa saba mwaka ule, ilikuwa ya upande wa ngua. Ilipewa kwa masharti: usiguse mwanamuke, usigeuke nyuma. Risasi ikimupata mutu, ilisemwa alivunja sharti. Dawa yenyewe haikukosea hata siku moja (ujanja mukubwa huo!).

Tofauti hii ni ya maana kwa sababu kitu cha kufundishwa kinaacha alama. Mutu akishitakiwa kutia sumu, kuko chupa, kuko chakula, kuko muganga wa kupima, kuko shahidi. Akishitakiwa kuzaliwa na kitu mu tumbo, atajitetea na nini? Akilia, ni mulozi. Akinyamaza, ni mulozi. Ndiyo maana shitaka hili linaangukia mara nyingi wasio na nguvu: mujane muzee, yatima, mutoto mwenye kifafa.

Juu ya watoto, sheria imesema wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka mumoja mpaka mitatu, pamoja na amende ya franka 200 000 mpaka 1 000 000. Haiulizi kama mutoto ana kitu mu tumbo ao hana. Kosa ni la yule aliyemunyoshea kidole, hata akiwa baba, pasteri ao mufumu. Kwa muzee mwanamuke, sheria ya kila siku inatosha: kumupiga, kumuchomea nyumba na kumuua ni makosa, hata kama kijiji kizima kilikubaliana.