Figo Zikishindwa, Ubongo Huathirika

Mgonjwa wa figo aliyekuwa mpole huanza kusahau majina ya wajukuu. Usiku halali, mchana husinzia. Akinyoosha mikono, viganja humcheza. Nyumba nyingi husema: amepagawa na jini. Kisomo kikafuata, na hospitali ikasahauliwa.

Tuufahamu ukweli wake. Figo huchuja uchafu wa damu na kuutoa kwa mkojo. Zikishindwa, sumu hizo hubaki mwilini na kufika ubongoni, nao ubongo huendesha kazi zake kwa umeme mdogo. Daktari Mjerumani Hans Berger aliunasa umeme huo kwa binadamu mwaka 1924. Mtu mzima aliye macho na ametulia, mawimbi yake makuu hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Sumu ikizidi, mawimbi hupungua kasi na fikra huwa nzito. Hali ikiachwa, mgonjwa huweza kupata degedege, hata kupoteza fahamu.

Alhamdulillahi, aghlabu hali hii hurekebika. Damu ikisafishwa kwa mashine, akili hurejea kidogo kidogo, ingawa mawimbi ya ubongo huweza kuchelewa kutengemaa.

Kwa jamaa zetu walioko Mikinduri, huko Tigania, matibabu hayo huwapeleka hadi hospitali ya rufaa mjini Meru, tena zaidi ya mara moja kwa wiki. Nauli ikikosekana na zamu ikirukwa, sumu hujikusanya upya. Wa kwanza kuona mabadiliko si daktari, bali mke, binti au mkwe anayempakulia chakula. Kwa hiyo akina mama wazijue dalili hizi: usahaulifu wa ghafla, usingizi uliopinduka, maneno yasiyoungana, mikono kutikisika. Zikitokea, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Asinunuliwe dawa za maumivu dukani, kwani baadhi yake huzidi kuziumiza figo. Wenye kisukari na shinikizo la damu wapimwe mapema. Na kabla ya kufunga Ramadhani, mgonjwa amuulize daktari wake. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta matibabu. Dua na dawa haziteti. Tuzichukue zote mbili. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.