New York: Madaraja Matano, Maumivu Yale Yale

KILA Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba, jamaa nyingi hapa nchini huketi mbele ya runinga kutazama mbio za marathoni za New York. Mkenya akikata utepe tunashangilia, kisha runinga inazimwa na watu wanakaa kula chajio. Lakini wakati huo kuna maelfu ya watu ambao bado wako barabarani, wengine hata nusu ya safari hawajafika. Miaka hii wanaoshiriki huzidi 50,000. Ukiwauliza waliyoyaona siku hiyo, hawaanzi na utepe. Wanaanza na baridi.

Alfajiri huvushwa kwa feri na mabasi hadi kisiwa cha Staten Island, na huko wanangoja kwa saa kadhaa wakitetemeka. Wazoefu huvaa sweta kuukuu juu ya nguo za kukimbilia. Mzinga unapokaribia kulia, huzivua na kuziacha papo hapo, nazo hukusanywa zikagawiwa wahitaji.

Zilipoanza mwaka 1970, mbio hizi zilikuwa za kuzunguka bustani ya Central Park tu. Watu 127 walijiandikisha, na 55 pekee ndio waliomaliza. Mwaka 1976 ndipo njia ilipopanuliwa ikapita katika sehemu zote tano za jiji. Ili kuziunganisha ilibidi wakimbiaji wavuke madaraja matano, na hapo, msomaji, ndipo penye kazi.

La kwanza, Verrazzano, lina mwinuko mrefu kuliko mwingine wowote njiani, lakini mtu mwenye nguvu mpya hauoni. La pili, Pulaski, ni nusu ya safari. La tatu ndilo wengi hulisimulia: Queensboro, kwenye kilomita ya 25 hivi. Huko hakuna watazamaji. Zinasikika nyayo na pumzi tu, na kila mmoja anabaki na mawazo yake. Kisha wanateremka ghafla na kuingia First Avenue, ambako umati umejipanga pande zote mbili ukipiga mayowe. Miguu huongeza kasi bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Hapo ndipo New York inapowanasa watu. Sukari ambayo mwili huiweka akiba katika misuli na ini huelekea kumalizika mtu akifika kilomita 30 hivi. Miguu inakuwa mizito kama magogo, na akili inaanza kutafuta visingizio. Wanariadha wenyewe hali hiyo huiita ukuta. Daraja la nne, la Willis Avenue linaloingia Bronx, liko karibu na kilomita ya 32. Aliyejitia ushujaa First Avenue hulipia deni lake hapo na kuendelea.

Hata mabingwa hawasazwi. Mwaka 2011 Mary Keitany alichomoka mapema, akapita nusu ya safari kwa saa 1, dakika 7 na sekunde 56, akiwa amewaacha wenzake kwa zaidi ya dakika mbili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zikiwa zimesalia kilomita chache, Waethiopia wawili walimpata wakampita, akamaliza wa tatu. Sifa yake ni kwamba alirudi: alishinda mwaka 2014, 2015, 2016 na 2018. Mbrazili Daniel do Nascimento alifanya vivyo hivyo mwaka 2022, na yeye hakumaliza kabisa. Alianguka karibu na kilomita ya 34, Evans Chebet akampita na kwenda kushinda.

Baada ya daraja la tano, la Madison Avenue, kuna mteremko? La, kuna Fifth Avenue, ambayo inapanda polepole hadi Central Park. Mwaka 1994 Mmeksiko Germán Silva alikuwa anaongoza karibu na bustani hiyo alipokata kona isiyo yake. Alipogutuka, mwenzake Benjamín Paredes alikuwa ameshatangulia. Silva alimfukuza akamshinda kwa sekunde mbili. Siku hiyo hiyo Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi, katika marathoni yake ya kwanza, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda New York. Mwaka uliofuata alishinda tena, siku chache tu baada ya kufiwa na dada yake. Mtu huyo alikimbia kilomita 42 na msiba kifuani, na sisi tulichoona ni tabasamu kwenye picha.

Lakini kwa maoni yangu hakuna aliyeijua New York kumpita Grete Waitz wa Norway. Mwaka 1978 mumewe alimshawishi aende, ingawa hakuwa amewahi kukimbia marathoni. Alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 30, muda bora wa dunia wakati huo, lakini kilomita za mwisho zilimtesa vibaya. Alipomaliza alivua viatu, akamtupia mumewe kwa hasira na kuapa kwamba hatarudia tena upuzi huo. Alirudia, na hadi mwaka 1988 alikuwa ameshinda mara tisa.

Mwaka 1993 Zoe Koplowitz, mwanamke Mmarekani anayeugua maradhi ya mishipa ya fahamu, aliitembea njia hiyo yote kwa magongo. Ilimchukua takriban saa 24, usiku kucha, washindi wakiwa wamekwisha kuoga, kula na kulala. Waitz alikuwa akimngoja kwenye utepe. Alipoambiwa kwamba medali zimekwisha, alikimbia hadi hotelini, akachukua ile ya mumewe aliyekuwa ameshiriki mbio hizo, akarudi na kumvisha Koplowitz shingoni.