Uzalishaji wa Fueli katika Vinu vya Muungano wa Viini

Neno "kuzalisha" lina maana mbili ambazo yafaa zitenganishwe kabla ya kulitumia katika sayansi. Kiwanda huzalisha mali. Mkunga humzalisha mama. Katika maana ya pili mwenye kuzaa ni mwingine, naye mzalishaji humsaidia tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo ya pili ndiyo itufaayo tunapoeleza jinsi kinu cha muungano wa viini kitakavyojipatia fueli.

Fueli yenyewe ni mchanganyiko wa deuteriamu na tritiamu, ambazo zote ni aina za haidrojeni. Kitembe chake hupigwa pande zote kwa leza, au kwa eksirei zitokanazo na leza. Ganda la nje hulipuka, na fueli ya ndani husukumwa hadi ikabanwa na kupata joto la mamilioni ya digrii. Inesha, yaani tabia ya mata ya kutobadili mwendo upesi, huizuia isitawanyike kabla viini havijaungana. Kwa njia hii, tarehe 5 Desemba 2022, huko Livermore, California, shabaha iliyopokea megajuli 2.05 za leza ilitoa megajuli 3.15. Hata hivyo, mtambo huo hauzalishi fueli yake.

Deuteriamu imo katika maji ya bahari. Tritiamu, kinyume chake, ni adimu, kwani nusu yake huoza kila baada ya miaka 12 hivi. Kinu chenye nguvu ya muungano ya megawati 1,000, kikifanya kazi mwaka mzima, kingeteketeza takriban kilo 56 za tritiamu. Hapana budi basi kijizalishie.

Kila muungano hutoa heliamu na nyutroni moja. Chumba cha kinu kikizungushiwa lithiamu, nyutroni huingia katika kiini cha lithiamu-6, nacho hupasuka kuwa heliamu na tritiamu. Lithiamu ndiyo mzazi. Nyutroni ndiyo mkunga. Mfano huu una mpaka wake: mzazi huyu hufa kwa kuzaa, na mkunga humezwa.

Hesabu ni ngumu. Tritiamu moja ikiteketea, hupatikana nyutroni moja tu. Na baadhi ya nyutroni hupotelea katika matundu ya kupitishia leza au hufyonzwa na chuma. Kwa hiyo huongezwa beriliamu au risasi, ambazo kiini chake kikigongwa na nyutroni yenye kasi huweza kutoa mbili. Mkulima avunaye kiasi kile kile alichopanda hatakuwa na mbegu za kutosha msimu ujao, maana panya na fukusi nao wana fungu lao. Vivyo hivyo, uwiano wa uzalishaji sharti uzidi moja, ili kufidia kinachooza ghalani na kuanzishia vinu vingine.

Mfasiri atakayeandika "utengenezaji wa fueli" hatakuwa amekosea sarufi. Atakuwa, hata hivyo, ameficha swali ambalo uhai wa kinu hutegemea: je, kinazaa zaidi ya kinavyokula?